Mikono ya Mzee Bomba

Watu walimjua kwa jina la dukani, Mama Miwani, ingawa mtoto hakuwa naye. Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama korido, limebanwa kati ya saluni na duka la viatu, na humo ndimo alimomalizia ujana wake akikaza skrubu ndogo kama chembe za ufuta na kunyoosha miwani iliyokaliwa na wenye nayo. Mteja akiingia analalamika kwamba miwani inamteleza puani, yeye humshika kichwa kwa vidole viwili, akainamisha hapa, akakunja pale, na mteja hutoka anaiona dunia imenyooka.

Alikuwa na miaka hamsini na ushei alipoamua kujenga ndege. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba amechoka na vitu vidogo. Alijiunga na klabu ya watu wanaojiundia ndege zao wenyewe, akaagiza mabati ya aluminiamu yaliyokatwa tayari, yakaja ndani ya makasha marefu ambayo majirani waliyadhania majeneza. Klabu ikampa kona katika banda lake kando ya uwanja mdogo wa ndege, na kazi ikaanza.

Sasa, ndege ya mabati hushikana kwa ribiti, misumari mifupi inayopondwa pande zote mbili, na ribiti haipigwi na mtu mmoja. Mmoja hupiga kwa nje, mwingine hushikilia chuma kizito kwa ndani. Mumewe alikwisha kwenda zake zamani, na rafiki zake waliposikia habari ya ndege kila mmoja alikumbuka ana kazi nyumbani. Akabaki baba yake.

Baba yake alikuwa fundi bomba mstaafu, mjane, anakaa naye katika chumba cha uani. Nyumba ambazo hakupata kulala chali chini ya masinki yake katika mji ule zilikuwa chache. Alikubali siku hiyo hiyo, akaja bandani na kifuko chake cha spana, na haikupita muda klabu nzima ikawa inamwita Mzee Bomba. Jina likampendeza. Kwake kila kitu kilikuwa bomba: waya ni bomba jembamba, umeme ni presha, swichi ni koki. "Hapa presha haifiki," alikuwa akisema akiitazama taa iliyokataa kuwaka, na wanaklabu wakacheka, wala si kwa ubaya.

Aliyeona haya ni binti yake. Wenzao bandani walikuwa marubani wastaafu, mawakili, wahandisi, watu waliozungumza juu ya mawingu kana kwamba ni jamaa zao. Kila mzee alipofungua mdomo, Mama Miwani aliinama akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Halafu kulikuwa na mikono. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Wakati wa chai kijiko kililia kwenye sahani yake, na waliokaa karibu wakatazama pembeni kwa adabu, na adabu ile ilimchoma binti kuliko ambavyo kicheko kingemchoma. Lakini alijua jambo ambalo wengine hawakulijua: mikono ile ikishapewa spana hutulia kimya. Alikuwa ameliona hilo tangu ilipoanza kutetemeka. Alilijua, na ndilo lililokuja kumtesa.

"Mama," mzee alimwambia siku moja, maana ndivyo alivyomwita tangu akiwa mtoto, "kushikilia chuma tu hata jiwe linaweza. Nipe na mimi kazi yangu."

Akampa waya za flapu. Flapu ni vile vibao viwili vilivyo nyuma ya mabawa, ambavyo rubani huvishusha anapotaka kutua ili ndege iweze kwenda polepole bila kuporomoka. Katika ndege hii vilisukumwa na mota ndogo ya umeme iliyofungwa kati ya viti viwili, imesimama wima, gia zake juu, mota yenyewe chini. Mzee alivuta waya kutoka kwenye swichi hadi kwenye mota, akabana vichwa vyake kwa koleo, kimoja kimoja, akavifunga pamoja kwa kamba safi kama mtu anayesuka. Alipomaliza alikaa akaitazama kazi yake kwa muda mrefu. Binti akasema ni nzuri, akaendelea na shughuli zake.

Mkaguzi alikuja asubuhi moja ya jua kali. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevua viatu kabla ya kukanyaga bawa la mtu. Wanaklabu walikusanyika na vikombe vyao mkononi, maana ukaguzi wa ndege ya mwenzao kwao ulikuwa kama harusi. Mbele kabisa alisimama mwenyekiti wao, rubani mstaafu waliyemwita Nahodha. Breki zikapita. Usukani ukapita. Injini ikanguruma, ikapita. Kisha mkaguzi akasema, "Haya, tushushe flapu."

Mama Miwani akabonyeza swichi. Flapu zikashuka taratibu kwa ile sauti yake ya kusaga.

"Zipandishe."

Akabonyeza juu. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba swichi ilikuwa haimsikii. Flapu zikabaki zimening'inia.

Mkaguzi akapiga magoti, akachungulia kati ya viti. "Mara nyingi huwa ni waya," alisema. "Kichwa kimoja kikilegea, basi."

Mzee, aliyekuwa nyuma ya watu, akasogea. Akaingiza mkono, akatikisa plagi ya mota. Flapu zikaruka juu kidogo, zikasimama tena. Watu wakaitikia "Aaa" kwa pamoja, kwa kuwa walikuwa wameona kwa macho yao.

"Hizi waya zilifungwa na nani?" mkaguzi aliuliza. Lilikuwa swali la kikazi tu.

Mama Miwani angeweza kusema, "Sisi." Neno lenyewe lilikuwa fupi, tena la kweli. Lakini alikuwa anayaona macho ya watu wote wale na vikombe vyao, na ulimi hauna mfupa.

"Ni Baba," alisema. "Mimi nilimwachia tu ajisikie vizuri. Mikono yake siku hizi mnaiona wenyewe."

Wote wakaitazama mikono ya mzee. Ilikuwa mitupu, haina spana, inatetemeka. Mzee naye akaiangalia, kisha akaipeleka nyuma ya mgongo.

"Nisameheni, jamani," alisema. "Nimewapotezea siku. Bwana mkaguzi, nisamehe. Na wewe, mama, nisamehe."

"Yameisha, Baba," alimjibu, kwa sauti ya mtu mwema.

Walipofika nyumbani mzee aliutoa ufunguo wake wa banda mfukoni, akauweka juu ya friji, akaenda chumbani kwake. Binti aliuona ufunguo ule. Hakumwambia auchukue.

Peke yake bandani, Mama Miwani akazikata waya zote za baba yake na kuzifunga upya. Ilimpa kazi. Vichwa vile vilikuwa vimebana kisawasawa. Alivivuta kimoja baada ya kingine, na hakuna hata kimoja kilichochomoka. Aliliona hilo, akalipita kama mtu anavyompita barabarani jirani aliyegombana naye. Ili afike vizuri ilibidi aifungue mota, aigeuze, aigonge hapa na pale, airudishe. Alipobonyeza swichi flapu zikashuka, zikapanda, zikashuka, zikapanda. Mkaguzi akaja, akaziona, akafurahi.

"Ulifanya vizuri kuzirudia mwenyewe," alimwambia. "Wazee wetu tunawapenda, lakini ndege haina huruma. Acha nizione zikifanya kazi siku chache zaidi, kisha tutie sahihi."

Mama Miwani alicheka kidogo, cheko la kukubali.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mzee alikuwa amejikunyata. Aliamka, akanywa chai kwa kikombe kisicho na sahani ili kijiko kisilie, akarudi chumbani. Kifuko cha spana kilisukumwa chini ya kitanda. Bomba la jikoni likaanza kuvuja, tone baada ya tone, na binti alipomtajia alisema, "Mtafute fundi, mama." Alimjibu kama mtu anayezungumzia nyumba ya wengine. Mdogo wake Mama Miwani, aliyeolewa mji mwingine, akapiga simu.

"Dada, Baba ana nini? Nimemuuliza habari za ndege, kaniambia ndege ni yako."

"Uzee tu," alisema Mama Miwani.

Flapu ziligoma tena mchana mmoja wa joto, akiwa peke yake bandani, bati linalia kwa jua. Zilikwama katikati, hazishuki wala hazipandi. Mwanzoni alihisi hasira, maana safari hii waya zilikuwa zake na hakukuwa na mtu nyuma yake wa kusingiziwa. Akachukua mita ya umeme. Akagusisha sindano zake kwenye plagi ya mota, akanyoosha mguu akabonyeza swichi kwa kidole gumba cha mguu. Mita ikasoma volti zote za betri, hakuna hata kidogo kilichopungua. Akabadilisha upande, akasoma tena. Zote zilikuwapo.

Akakaa chini. Presha inafika, kama angesema mzee. Waya zinaleta umeme hadi mlangoni kwa mota, na mota yenyewe haifungui. Basi hazikuwa waya leo, na huenda hazikuwa waya siku ile. Akachukua bisibisi, akaigonga mota kwa mpini wake, mara moja tu, na flapu zikapanda kama zilizoamshwa usingizini. Kumbe ndivyo mzee alivyofanya mbele ya watu: alipotikisa plagi alikuwa ameitikisa na mota.

Akaifungua mota, akaiweka benchini na kuitoa kifuniko. Ndani ya mota kama hii kuna vijiti viwili vyeusi vya kaboni vinavyolalia kitovu cha shaba kinachozunguka, na umeme huingia kupitia vijiti hivyo. Vijiti hivyo havikuonekana. Vilikuwa vimezama katika grisi. Grisi ilikuwa imeyeyuka kwa joto la banda, ikateremka kutoka kwenye gia zilizo juu, ikapita pembeni mwa ekseli, ikajaa kote, nyeusi, laini. Umeme haupiti kwenye grisi. Mota ikigongwa, kaboni inagusa shaba kidogo na kazi inaendelea. Grisi ikirudi, kazi inasimama.

Na grisi ile aliitia yeye. Aliikumbuka hata siku yenyewe, siku ambayo mzee alikwenda kliniki. Maelekezo ya mtengenezaji yalisema iwekwe kidogo. Yeye, aliyekaa maisha yake yote akidondoshea bawaba za miwani tone moja moja la mafuta, siku ile aliona raha ya kuwa na kopo zima mkononi. Alijaza mpaka ikatokeza pembeni, akaifuta kwa kitambaa na kujisifu.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani moja kwa moja. Mama Miwani hakwenda. Aliona uso unamwaka ingawa hapakuwa na mtu wa kumtazama. Aliifunga mota ile kwa kitambaa vilevile ilivyo, akaipeleka dukani, akaificha kwenye droo ya miwani iliyovunjika. Akaagiza mpya. Ilipofika aliifunga mwenyewe, akawaambia watu kwamba ameona heri abadilishe kabisa kwa usalama, na Nahodha akasema huo ndio umakini.

Jambo lingeweza kufa hapo. Waliolijua walikuwa yeye na droo. Kila alipoifungua kutafuta skrubu, kitambaa kile kilikuwapo, na kila mara aliifunga haraka, hata wateja wakadhani ana panya humo.

Kilichomshinda ni bomba la jikoni. Alimtafuta fundi, bwana mmoja mnene mcheshi, akaja akalala chini ya sinki huku mzee ameketi mlangoni anatazama. Mama Miwani alikuwa koridoni. Alimsikia fundi akisema, "Mzee, nikabidhi ile spana, halafu unishikie hapa kidogo nikaze."

"Usinipe mimi," mzee alijibu. "Mimi huharibu. Muulize binti yangu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetoa anwani yake. Mama Miwani aliegemea ukuta na kutamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haina desturi hiyo. Fundi alipokwenda zake, akaingia jikoni akaketi mbele ya baba yake.

"Baba, waya zako hazikuwa na kosa."

Mzee akatabasamu. "Una moyo mzuri, mama."

"Si moyo mzuri. Ni kweli. Ilikuwa mota, na mota niliiharibu mimi."

"Sawa. Sawa." Akampigapiga mgongoni kwa ule mkono wake. "Mama yenu alipougua, nilikuwa nikimwambia rangi yake imerudi. Mtu akichoka huambiwa maneno mazuri. Usijisumbue na mimi."

Hapo ndipo alipoelewa alichomnyang'anya baba yake. Alidhani akikiri tu kitarudi chenyewe. Akainuka, akaenda dukani, akarudi na mota ndani ya kitambaa chake, akaiweka mezani juu ya gazeti na kuifungua.

Mzee akavaa miwani yake. Akachovya kidole, akanusa.

"Hii grisi."

"Ndiyo."

"Aliitia nani?"

"Mimi, Baba. Siku uliyokwenda kliniki."

"Yote hii?"

"Yote hiyo."

Akaomba bisibisi. Binti akampa, na mkono ukatulia, kama alivyojua kwamba utatulia. Mzee alikwangua grisi kutoka kwenye kijiti kimoja mpaka kaboni ikaonekana, kisha kutoka kwenye cha pili. Akauliza bila kuinua kichwa, "Ulijua lini?"

"Kabla fundi hajaja."

"Kwa hiyo leo nilipokuwa nikiongea naye, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na siku ile, mbele ya watu, ulikuwa hujui."

Hapo alikuwa ameachiwa mlango wa kutokea. Mama Miwani aliuona, akapiga moyo konde, akauacha.

"Kuhusu mota sikujua. Lakini nilijua mikono yako haitetemeki ikishika chombo. Nilijua, na bado nikasema. Nilikuonea aibu, Baba. Kabla hata ya siku ile."

Mzee akaiweka bisibisi chini. Kisha akasema, "Basi nirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Msamaha wangu. Niliuomba mbele ya watu, kwa kosa lisilo langu, na wewe ukaupokea. Nirudishie palepale nilipoutoa."

Jumamosi walikwenda bandani pamoja. Mzee alikuwa amepiga pasi shati lake jeupe. Wanaklabu walimkaribisha kwa furaha, "Mzee Bomba, ulipotelea wapi," na mkaguzi naye alikuwapo kwa ajili ya ndege ya mtu mwingine. Mama Miwani aliwaomba wasikilize. Aliiweka ile mota ya zamani juu ya meza ya chai, katikati ya vikombe, akaeleza yote: grisi, waya zilizokuwa nzima, mota mpya aliyoinunua ili kuifunika ile ya zamani.

"Na maneno niliyosema juu ya mikono yake hayakuwa kweli, nami nilijua si kweli," alimaliza. "Baba, nisamehe."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Nahodha alikohoa. Mkaguzi aliinua mota, akaichungulia.

"Na nilipokusifu kwa kuzirudia waya?" aliuliza.

"Wakati ule sikujua. Nilipojua, nilinyamaza."

"Na mimi nilisema neno juu ya wazee," mkaguzi alisema polepole. Akamgeukia mzee. "Shikamoo, Mzee. Niwie radhi."

"Marahaba," mzee alijibu, basi. Hakumsaidia binti yake kwa mzaha wala kwa kicheko. Alimwacha asimame pale mpaka watu walipoanza kutawanyika wenyewe, kisha akamimina chai.

Mkaguzi aliwataka waigeuze mota mpya, gia ziwe chini, ili grisi isipate pa kuteremkia. Wakaigeuza, akatia sahihi. Nahodha ndiye aliyeirusha ndege kwa mara ya kwanza; ilizunguka uwanja, flapu zikashuka kwa wakati wake, ikatua kwa mruko mdogo, na watu wakapiga makofi. Mzee alipiga pia. Mama Miwani alilia, na waliokuwa karibu walidhani ni kwa ajili ya ndege.

Ufunguo mzee aliuchukua tena juu ya friji, naye siku za kazi huja bandani kama zamani. Lakini hagusi kitu asichoombwa. Husimama kando ya benchi, mikono nyuma, na binti yake hana budi kusema kwa sauti, watu wakisikia, "Baba, naomba unikazie hapa." Siku nyingine mzee huja mara moja. Siku nyingine hujibu, "Ngoja nimalize chai," na humaliza taratibu, kijiko kikilia kwenye sahani, huku Mama Miwani amesimama na spana mkononi anamsubiri.